Goti Jipya, Maumivu Yaleyale: Majibu kwa Barua Zenu

Barua za mwezi huu karibu zote zimelalia upande mmoja: goti bandia, nyonga bandia, na maumivu ambayo mgonjwa aliambiwa yatakwisha, naye bado anayasubiri yaishe. Kwa msomaji mpya, mimi ni mfiziotherapia, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, niliyestaafu hospitalini lakini sijastaafu kusema. Goti langu la kushoto ni la chuma na plastiki, kwa hiyo ninapomwambia mtu anyooshe mguu hadi machozi yamlengelenge, najua ninachomwomba.

“Sijasujudu tangu nifanyiwe upasuaji”

*Mwenzangu, salaam. Nina miaka 66, naishi Chumbageni, Tanga. Mwaka jana nilibadilishiwa goti la kulia, sasa ni mwezi wa kumi. Eksirei wanasema nzuri. Lakini goti bado lina joto, usiku linafukuta, na ngozi ya upande wa nje imekufa ganzi. Majirani wanasema nilikosewa. Natumia losartan na dawa ya kukojoza kwa ajili ya presha. Maumivu yakizidi, kijana wa duka la dawa hunichoma diclofenac, karibu kila wiki, na aliwahi kunipa vidonge vya rangi mbili akidhani kuna usaha. Kinachoniumiza moyo ni swala. Siwezi kusujudu, wala kukaa mkekani na wenzangu kwenye shughuli. Goti ndilo hili, au kuna la kufanya? – Mama A.*

Mama A., majirani wako hawakuwepo chumba cha upasuaji, tuwaache. Tuyachambue malalamiko yako moja moja, maana hayana uzito sawa.

Ganzi ya upande wa nje isikusumbue. Mshono wa goti hupita juu ya vijineva vya ngozi, na vikikatwa, kipande hicho cha ngozi hupoteza hisia. Eneo hilo hupungua taratibu, wengine hubaki nalo kidogo maisha yote. Goti linafanya kazi yake hata bila hisia hiyo.

Joto na kufukuta usiku ni habari nyingine. Goti bandia huweza kuwa na uvuguvugu kwa miezi kadhaa, hasa jioni baada ya shughuli. Lakini mwezi wa kumi, tena likikuamsha usingizini, mimi silipiti hivihivi. Kuna maambukizi yasiyopiga kelele: hakuna homa, hakuna usaha, mshono umefunga vizuri, na wadudu wamejibanza kwenye chuma taratibu. Eksirei nzuri inaonyesha chuma kimekaa mahali pake, haionyeshi wadudu. Kwa hiyo nenda Hospitali ya Bombo, uombe vipimo vya damu vya CRP na ESR, vinavyodokeza kama kuna maambukizi mwilini, pamoja na kipimo cha figo, kisha majibu uyapeleke kwa daktari aliyekufanyia upasuaji. Akiona haja, atavuta maji gotini kwa sindano yapelekwe maabara.

Hapa ndipo vidonge vya rangi mbili vinaponikera. Antibayotiki ukiimeza kabla ya maji kuvutwa, huwanyamazisha wadudu bila kuwamaliza. Maabara haioteshi kitu, unaambiwa huna tatizo, na tatizo unalo. Mweleze daktari ulimeza nini na lini. Kama ni karibuni, huenda akakusubirisha angalau wiki mbili kabla ya kuvuta maji, isipokuwa kama hali yako haingoji. Muombe pia akague nyonga na kiuno chako. Nyonga iliyochakaa ina tabia ya kupeleka maumivu gotini, na wapo watu wanaolilaumu goti jipya kwa makosa ya nyonga ya zamani.

Sindano ya diclofenac acha leo. Usingoje hata mwisho wa wiki. Mtu wa umri wako mwenye losartan, dawa ya kukojoza na diclofenac kwa pamoja anazibana figo kutoka pande tatu, na presha nayo hupanda. Watu hudhani sindano ni salama kwa sababu haipiti tumboni. Inapita kwenye damu ileile, na vidonda vya tumbo inavileta vilevile. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia, ukiipanga kwa saa badala ya kungoja uzidiwe: gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, na kwa saa 24 usipite gramu nne. Kama mwili wako ni mdogo au ini lina shida, daktari atapunguza. Kama maumivu ni ya kuchomachoma na kuungua, zipo dawa za neva kama amitriptilini ya usiku, lakini hizo aziandike daktari, kwa sababu humpa mtu mzima usingizi mzito na kizunguzungu, na kuanguka ndilo jambo la mwisho tunalolitaka.

Sasa tuseme vipimo vyote vimetoka safi. Hapo uko kwenye kundi ambalo halizungumziwi sana wakati wa kutia saini fomu: kati ya watu 10 waliobadilishiwa goti, takriban wawili hubaki na maumivu ya muda mrefu. Kwa nyonga ni takriban mmoja kati ya 10. Si lazima kuwe kumefanyika kosa. Goti liliumwa miaka mingi kabla ya kisu, na uti wa mgongo na ubongo vilijifunza kulisikia kwa sauti kubwa. Mbwa aliyezoea kubwekea wezi ataendelea kumbwekea muuza maziwa. Maumivu hayo ni ya kweli, hujayabuni, ila hayamaanishi kwamba kuna kitu kinavunjika ndani kila unapopiga hatua. Kujua hilo peke yake hubadilisha namna mtu anavyoutumia mguu.

Naomba nikisie jambo: unalala na mto chini ya goti. Karibu kila mtu hufanya hivyo, kwa sababu goti lililokunjwa kidogo linapata raha. Raha hiyo ni ya gharama kubwa. Goti likizoea kukunjika halinyooki tena kabisa, unatembea umelikunja, misuli ya paja haipumziki hata unaposimama, na jioni goti linafukuta. Mto utoe usiku wa leo. Badala yake chukua kanga mbili, zizungushe ziwe bunda nene, uweke bunda hilo chini ya kisigino, ukiwa umelala chali au umekaa umenyoosha mguu kitandani. Goti litabaki linaning'inia hewani. Liache lishuke lenyewe kwa uzito wake dakika tano. Kisha kaza misuli ya paja kana kwamba unataka kuligandamiza godoro kwa nyuma ya goti, hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi. Fanya hivyo asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Litauma nyuma ya goti kwa kuvutika, na huko ndiko tunakotaka livutike.

Baada ya hapo barafu. Zile za mifuko zinazouzwa nyumba ya jirani zinatosha (za maji, za ukwaju waachie wajukuu). Zifunge kwenye taulo jembamba, uweke juu ya goti dakika 15 hadi 20, zisigusane na ngozi moja kwa moja, na sehemu ile yenye ganzi uikague kwa macho maana yenyewe haitakuambia ikiungua.

Kutembea kupangwe kwa saa. Usiyaachie maumivu yakupangie. Siku mbaya unaweza kwenda dakika ngapi bila kuzidiwa? Kama ni kumi, anza na nane, siku nzuri na siku mbaya, nane zilezile. Kila wiki ongeza dakika moja. Wengi hufanya kinyume: siku goti likiwa na nafuu wanaenda soko la Mgandini, wanarudi wanafua, kisha wanalala siku tatu. Kipimo changu ni cha asubuhi. Ukiamka na goti limevimba au linauma kuliko asubuhi ya jana, jana ulizidisha, punguza leo lakini usiache. Maumivu wakati wa zoezi yakifika nne au tano kwa kumi na yakatulia kabla ya asubuhi, endelea.

Kuhusu swala, nikwambie hesabu ilivyo. Kutembea kwa kawaida kunahitaji goti likunjike nyuzi 70 hivi. Kuinuka kwenye kiti kifupi, kama 105. Kile kikao cha baina ya sijda mbili, makalio juu ya visigino, kinapita 140. Magoti bandia mengi huishia kati ya 110 na 125. Kwa hiyo kikao hicho huenda kisirudi, hata kama kila kitu kingekwenda sawa, na ni vizuri ungeambiwa kabla. Kupiga goti chini kwenyewe hakuliharibu, mshono ukishapona na daktari akiridhia: jaribu juu ya godoro, kisha juu ya mto sakafuni, ukishika kitanda. Wengine huzoea, wengine huhisi wamepigia magoti kokoto na kuacha. Sheria ya dini yako mashekhe wanaijua kuliko mimi, lakini kila niliyemuuliza amenitajia maneno ya Mtume kwa Imran bin Huswain: swali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, na usipoweza kwa ubavu. Kiti basi, na sijda uiinamie zaidi ya rukuu.

Kwenye shughuli, agiza kiti kabla hujafika. Watakaosema unajiona wapishe waseme.

“Mama amemlaza baba kabisa”

*Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 74. Alianguka shambani, huku kwetu karibu na Makambako, akavunjika nyonga ya kushoto na akawekewa ya bandia. Imepita miezi mitatu. Aliambiwa asikunje mguu kupita pembe mraba, asikunje nne, asichuchumae. Mama ameogopa nyonga isichomoke, akamlaza. Anamlisha, anamwogesha kitandani, anajisaidia kwenye beseni. Baba analalamika mgongo na paja, na kisigino kimeanza kuwa chekundu. Akiinuliwa anashika fimbo mkono wa kushoto, upande wa nyonga mbovu, anayumba. Choo chetu ni cha shimo. Mimi niko Dar es Salaam, natuma pesa tu. Nishauri. – Kijana wa Njombe*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujamaliza kusoma, piga simu nyumbani. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu wa baba, si chini ya goti wala chini ya kisigino, ili kisigino kiwe wazi kabisa, hewa ipite. Wekundu usiofifia ukiubonyeza ndio mwanzo wa kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho huchukua miezi kupona. Waangalie na makalio na mfupa wa chini ya mgongo.

Usimgombeze mama. Alisikia makatazo matatu, hakuna aliyekaa naye akamwambia kinachoruhusiwa, na mtu asiyejua mpaka uko wapi husimama mbali nao. Mwambie hivi: nyonga bandia imetengenezwa ili mtu aisimamie. Kuna Mwingereza, John Charnley, ambaye tangu miaka ya 1960 kazi yake ndiyo iliyoyafanya mapandikizi haya kuwa jambo la kawaida duniani, na shabaha ilikuwa mgonjwa atembee. Hatari ya kuchomoka ipo na ni kubwa zaidi miezi mitatu ya mwanzo, ambayo baba ameshaivuka. Hatari ya kitanda huongezeka kila siku: misuli inayeyuka, damu inaganda miguuni, mapafu yanajaa, choo kinagoma, na mtu anakata tamaa. Huo mgongo na hilo paja, kwa kadiri ninavyokusoma, mengi ni maumivu ya kulala.

Anayoruhusiwa ni mengi: kukaa kwenye kiti kirefu, kusimama, kutembea, kulala chali au kwa upande wa pili akiwa na mto mnene kati ya magoti, kula mezani na watu wengine. Asichuchumae, asiiname kuokota kitu akiwa amekaa, asigeuke ghafla akiwa amesimama juu ya mguu wa kushoto. Hayo ya pembe mraba na kukunja nne daktari atasema lini yalegezwe, hutegemea alipasuliwa kwa upande gani.

Choo kina dawa rahisi. Mwone fundi seremala wa pale sokoni, atengeneze kiti cha mbao kisicho na mgongo mrefu, chenye tundu katikati, kinachosimama juu ya tundu la shimo. Urefu wake apime hivi: baba asimame akiwa amevaa viatu, apime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, aongeze upana wa vidole vitatu. Akikaa, nyonga zitakuwa juu kuliko magoti. Miguu minne ya kiti ichimbiwe au ikazwe kwenye sakafu ili kisiteleze, na ukutani pawekwe mti wa kushikia upande wa kulia. Viti vya plastiki vilivyokatwa tundu sivipendi, miguu hufunguka siku usiyoitegemea. Na kwa vile usiku wa Njombe ni baridi na choo kiko nje, ile beseni yake iwekwe chini ya kiti kingine cha namna hiyo chumbani. Usiku atumie hicho.

Fimbo ihamie mkono wa kulia. Najua inaonekana kinyume na akili, hata hospitalini tunabishana na wagonjwa kila siku. Unapoinua mguu wa kulia, misuli ya pembeni ya nyonga ya kushoto ndiyo inayozuia kiuno kisianguke upande wa kulia, na kwa baba misuli hiyo imelala miezi mitatu. Fimbo ikiwa kulia, inakishika kiuno pale pale kinapotaka kuangukia. Ikiwa kushoto anaiegemea, ndiyo huko kuyumba unakokuona. Fimbo na mguu wa kushoto vitangulie pamoja, kulia ufuate. Ngazini, kupanda unatangulia mguu mzima, kushuka unatangulia fimbo na mguu mbovu. Urefu wake: asimame wima mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono. Mti wa kukata shambani unafaa sana, lakini chini upigiliwe kipande cha raba ya tairi, na misumari izame ndani ya raba isiguse sakafu. Kwa wiki za mwanzo lakini, mtu aliyelala kiasi hicho anahitaji fremu ya kutembelea kwanza. Fimbo itafuata.

Asianze kwa kutembea. Siku mbili tatu akae ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mtu pembeni, kwa sababu presha itashuka na atasikia kizunguzungu. Kisha kusimama na kukaa mara tano, asubuhi na jioni, akisukuma mikono ya kiti. Kisha kusimama akishika meza na kuupeleka mguu wa kushoto pembeni, vidole vikitazama mbele, mara kumi. Hili la mwisho ndilo litakaloondoa kuyumba, na ndilo watu huliacha kwa sababu linachosha na halionyeshi matokeo haraka. Kutembea mlangoni na kurudi kutakuja kwenyewe. Ndala zisizo na mkanda zitolewe kwenye chumba chake.

Pesa unayotuma, ya mwezi huu ilipe gari la kumpeleka hospitali kwa mfiziotherapia, amkague na amfundishe mama mbele ya baba. Mzee atamsikiliza mtu wa koti jeupe kuliko gazeti langu. Siku hiyohiyo aulize kuhusu mifupa yenyewe. Mtu anayevunjika nyonga kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe mara nyingi mifupa yake imepungua ujazo, na kuna dawa za kuzuia nyonga ya pili isifuate.

Likitokea lifuatalo, msivute wala msikande: maumivu makali ya ghafla, mguu umekuwa mfupi na umegeuka, hawezi kusimama. Hapo imechomoka. Mlazeni kama alivyo, apelekwe hospitali. Na shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, ni siku hiyohiyo pia.

Chuku, chale na mafuta

*Asalaam aleikum dadangu. Nimewekewa goti nusu mwaka sasa, hapa Mombasa. Shemeji anataka nipigwe chuku palepale gotini, mwingine ananiambia chale. Na mafuta ya kuchua je? – Bi. Z., Majengo*

Waaleikum salaam. Chale usikubali, na chuku ya kutoa damu usikubali karibu na goti hilo, wala chini yake kwenye muundi. Kila tundu kwenye ngozi ni mlango, na wadudu wakifika kwenye chuma ni shida kuwatoa bila kufungua goti upya. Kuchua kwa mafuta sina ugomvi nako, mshono ukishafunga kabisa. Tumia mafuta ya nazi ya kawaida, vuguvugu si ya moto, ukisugua kovu kwa kidole gumba kwa kulikata mapana ili lisishikane na nyama ya ndani. Unga usio na jina unaokupa nafuu ya usiku mmoja uogope. Baadhi huwa umechanganywa deksamethazoni, dawa kali ya steroidi, na uso ukianza kuvimba utajua. Shemeji mpe salamu.

Nyonga bandia, selimundu na ndoa

*Shikamoo mama. Nina miaka 28, niko Dodoma, nina selimundu. Kichwa cha mfupa wa paja kilikufa kwa kukosa damu, nikabadilishiwa nyonga ya kulia miaka miwili iliyopita. Siku nyingine inauma nisijue ni selimundu au ni chuma. Nakwenda kazini kwa bodaboda. Na naolewa mwaka huu. Maswali mengine naona haya kumuuliza daktari. – S.*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Maumivu ya selimundu unayajua tangu utotoni, umeishi nayo kuliko daktari yeyote: huja mgongoni, kifuani, mikononi, mara nyingi sehemu kadhaa, na huja hata umekaa. Maumivu ya chuma yana adabu zake. Yakikaa kinenani unapoukanyagia mguu, tunalitazama kombe, yaani kikombe cha bandia kilichowekwa kwenye mfupa wa nyonga. Yakiwa katikati ya paja, hasa hatua za kwanza unapoinuka kwenye kiti, tunautazama msumari uliomo ndani ya mfupa, huenda unalegea. Andika kwenye daftari uliumwa wapi, ukifanya nini, na ulilalaje usiku huo. Ukifika na daftari hilo kliniki, eksirei itatafutiwa sehemu sahihi. Homa ya nyuzi 38 usiipe usiku mmoja. Wenye selimundu mko kwenye hatari zaidi ya maambukizi, na sasa una chuma pia.

Umesoma hapo juu nimemwagiza Mama A. barafu. Wewe usiiguse. Baridi huweza kukuletea shambulio. Kitambaa cha uvuguvugu, maji ya kunywa ya kutosha, na zoezi lile la kupeleka mguu pembeni.

Bodaboda ya kukaa upande, kama akina dada wanavyokaa wakivaa sketi, inaizungusha nyonga na kukuacha huna cha kushika. Panda bajaji, ukitanguliza makalio kwanza kisha miguu, na kama kiti ni kifupi kalia mto.

Kuhusu tendo la ndoa: sasa miaka miwili imepita tangu upasuaji, hakuna sababu ya kuogopa. Lala chali, miguu imetanuka, paja lisisukumwe kuelekea kifuani na goti la kulia lisigeukie ndani. Kulala kwa upande wa kushoto na mto kati ya magoti kunafaa pia. Ukisikia maumivu, sema. Mchumba anayetaka kukuoa ana masikio. Nyonga bandia peke yake si sababu ya kuzaa kwa kisu. Lakini kama unameza haidroksiyurea, ile dawa ya selimundu, zungumza na kliniki yako ya selimundu kabla hujaanza kutafuta mtoto, wala usiiache mwenyewe.

Hukuuliza, ila kwa umri wako ni haki yako kujua: zaidi ya nusu ya nyonga bandia hudumu miaka 25. Maana yake ni kwamba huenda utarudi mezani siku moja, kwa hiyo kadi na eksirei zako zitunze wewe mwenyewe, usiiachie hospitali.

Umra kwa goti la chuma

*Dada, nakuandikia kutoka Muscat. Goti langu lina mwaka mmoja, linauma kiasi lakini natembea. Tunakwenda umra baada ya miezi mitatu. Nitaweza? Na uwanja wa ndege nitapita? – Umm K.*

Utapita, mashine italia, watakupapasa, basi. Kadi ya hospitali haikuondolei ukaguzi lakini hupunguza maneno.

Kusai, yaani kwenda na kurudi baina ya Safa na Marwa, ni mara saba, kila mara kama mita 450, jumla kilomita tatu na kidogo, juu ya marumaru. Ongeza kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, ambako kadiri unavyosogea mbali na Kaaba, au kupanda ghorofa za juu, ndivyo mzunguko unavyorefuka. Kwa hiyo shabaha yako ni kilomita tano bila goti kuvimba kesho yake. Miezi mitatu inatosha ukianza wiki hii: tembea ndani ya maduka makubwa yenye kiyoyozi, pima umbali wa siku mbaya, anzia chini kidogo ya hapo, ongeza sehemu moja ya kumi kila wiki. Wiki za mwisho igawe safari vipande viwili vyenye mapumziko kati, kama utakavyofanya kule. Wewe mwanamke soksi unaruhusiwa katika ihramu, tafuta nene zenye mpira chini zisizoteleza.

Viti vya magurudumu vipo Msikitini, na vigari vya umeme pia. Panga tangu nyumbani kwamba utatufu kwa miguu na kusai kwa kiti, au kinyume chake, badala ya kungoja goti likuamulie katikati ya watu. Dawa zako za maumivu beba kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari, hasa kama kuna tramadoli. Kwenye ndege omba kiti cha kando ya njia, upande ambao goti lenye chuma litanyooka kuelekea njiani, na uinuke kila saa.